Majina ya Matunda Hayakupita Njia Moja na Miti Yake

Ramadhani ikiingia Unguja, stafeli hutafutwa kila soko. Watu hulimenya, hulikamua, huchuja mbegu nyeusi na kulitia kwenye jagi la futari. Ukimuuliza anayelikamua jina hilo limetoka wapi atakwambia ni la Kiswahili, na hatakuwa amekosea. Lakini kabla halijawa la Kiswahili lilikuwa sitaphal, yaani tunda la Sita, mke wa Rama katika Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu. Na mstafeli wenyewe si mti wa Bara Hindi hata kidogo. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na ulivuka bahari baada ya meli za Wahispania na Wareno kuanza kwenda huko mwishoni mwa karne ya 15. Mti wa Amerika, jina la malkia wa Kihindi, futari ya Mzanzibari.

Kuna jambo la ziada. Huko India, sitaphal si tunda hili kubwa la maji tunalokamua sisi. Ni lile dogo la mabonge-mabonge ambalo Tanzania huitwa topetope na Kenya hupatikana sokoni kwa jina la matomoko. Ndugu yake wa karibu huitwa ramphal, ili Sita asikae peke yake. Sisi tulilichukua jina la Sita tukalihamishia kwa binamu mkubwa, na yule mdogo tukampa jina letu wenyewe.

Naanza na stafeli kwa sababu mjadala wa asili ya maneno yetu umekuwa mwembamba mno. Kwa miaka mingi watu wamebishana kwa asilimia: Kiarabu kiasi gani, Kibantu kiasi gani, na ubishi ukiisha kila mmoja hurudi na hesabu yake. Hesabu hizo hazisemi neno liliingia kupitia mlango gani, lilibeba nini, wala aliyelipokea alilifanya nini. Majina ya matunda yanasema hayo yote kwa uwazi kuliko maneno ya dini au ya utawala, kwa kuwa tunda ni kitu unachokishika mkononi na mti wake una historia inayojulikana. Ukiweka safari ya mti pembeni ya safari ya jina, mara nyingi hazilingani, na pale zinapoachana ndipo historia ya mwambao inapoonekana. Msimamo wangu ni kwamba jina la tunda huweka kumbukumbu ya aliyelileta na ya uamuzi wa aliyelipokea. Huo uamuzi wa aliyepokea ndio tunaousahau.

Kiarabu kipo, hakuna anayekikana. Lakini tazama kilivyoingia. Mwarabu akisema zabib anakusudia zabibu iliyokauka. Ile mbichi yenye maji, kwake ni inab. Mwambao wetu wa joto na unyevu haukuwa na mizabibu. Kilichofika kwa majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba ni zile zilizokaushwa, zinazovumilia wiki nyingi baharini bila kuoza, na jina lililofika nazo ni la kitu kikavu. Tunda bichi lilipokuja baadaye lilikuta jina limeshakaa, likalichukua. Leo mkulima wa Dodoma huvuna zabibu mbichi shambani kwa neno ambalo Kiarabu kimeliweka kwa ajili ya zilizokauka, nasi tunalazimika kusema "zabibu kavu", usemi ambao kwa sikio la Mwarabu umetaja ukavu mara mbili. Neno hilo moja limehifadhi habari ya kilichokuwemo ndani ya jahazi. Asilimia haiwezi kukwambia hivyo.

Tufaha nalo lina mkasa wake. Tuffah la Kiarabu ni tunda la nchi za baridi. Pwani halikuwepo, lakini kulikuwa na mti uliotoka Asia ya Kusini-Mashariki wenye tunda jekundu, refu kidogo, nyama nyeupe iliyo laini na harufu ya mbali ya waridi. Watu wa pwani wakaliita tufaha, au tofaa, na Zanzibar jina hilo ni lake hadi leo. Matunda ya baridi yalipoanza kufika kwa wingi kutoka Afrika Kusini, na mengine kutoka nyanda za juu kama Lushoto na Njombe, vitabu vya shule viliyapa jina la tufaha, huku mitaani watu wakisema epo. Sasa mtoto wa Unguja na mtoto wa Njombe wanasoma sentensi moja na kuona matunda mawili. Hakuna kati yao aliyekosea, na mwalimu anayemwambia mtoto wa Unguja kwamba tufaha lake "siyo tufaha hasa" anamnyang'anya neno ambalo babu zake walilitumia kabla ya hilo kasha la matunda ya Afrika Kusini kufika bandarini.

Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walilikabili tatizo hili. Katika Mithali 25:11 Kiebrania kinataja tappuah za dhahabu, neno ambalo ni ndugu wa tuffah la Kiarabu. Wangeweza kuandika matufaha na kuendelea na safari. Wao waliandika: "Neno linenwalo wakati wa kufaa, ni kama machungwa katika vyano vya fedha." Wako watakaosema huko ni kuacha matini. Mimi naona ni kuielewa. Msomaji wa pwani alihitaji tunda lenye rangi ya dhahabu kwenye chano cha fedha, na tufaha analolijua yeye ni jekundu. Ajabu ni kwamba Kiebrania cha leo kimefika palepale kwa njia yake: chungwa huitwa tapuz, ufupisho wa tappuah na zahav, yaani tufaha la dhahabu.

Nikiwa bado kwenye chungwa, nieleze jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Waarabu huliita burtuqal, Waturuki portakal, Wagiriki portokali, Waajemi porteqal. Wote hao wamelipa jina la Ureno, kwa sababu chungwa tamu liliwafikia kwa biashara ya Wareno. Sisi tuliokaa na Wareno kwenye mwambao wetu, tukawalipa kodi na kupigana nao, hatukufanya hivyo. Neno letu ni chungwa, na limekuwa na nguvu ya kutoa hata jina la rangi. Anayedai kwamba Kiswahili kilimeza kila kilichopita mbele yake ana deni la kutueleza kwa nini burtuqal halikuingia, ilhali zabibu liliingia.

Na Wareno, hawakuacha kitu? Waliacha, na siyo kidogo. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa 1698. Katika kipindi hicho mimea ya Amerika ilivushwa na kupandwa pande zote za Bahari ya Hindi. Nanasi ni ananás la Wareno, nao walilipata kwa Watupi wa Brazil. Sehemu kubwa ya dunia husema hivyo. Wahispania na Waingereza ndio waliojitenga, wakaliona linafanana na koni ya msonobari wakalipa jina la kufuata sura hiyo. Papai ni papaia, nalo ni neno la wenyeji wa Karibi. Haya mawili hayana ugomvi, jina na tunda vilisafiri pamoja.

Pera ndilo lenye kisa. Kwa Kireno, pêra ni lile tunda la nchi za baridi, pana chini na jembamba juu, ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la peasi. Mpera wetu ni mti wa Amerika, na Wareno kwao huliita tunda lake goiaba. Lakini katika bandari za Bahari ya Hindi mabaharia na walowezi wao walilipa jina la tunda la nyumbani kwao lililofanana nalo. Ushahidi uko ng'ambo ya pili: katika Kimarathi, lugha ya Mumbai na jirani zake, tunda hilohilo huitwa peru. Kwa hiyo Mmarathi na Mswahili wamehifadhi kwa pamoja namna Mreno wa karne ya 16 alivyolikumbuka tunda la kwao alipokuwa mbali, wakati Mreno wa leo ameshasahau. Halafu neno likapanda bara. Waganda husema amapeera, Wanyarwanda husema ipera. Mkulima wa Masaka hakuwahi kumwona Mreno, lakini neno lilimfikia likiwa tayari limeshavaa kiambishi cha ma-.

Embe pia lilipanda bara, na kule likapatwa na jambo la kupendeza. Sisi tuna mwembe kwa mti na embe kwa tunda. Waganda walichukua jina la mti, wakalifanya la tunda: wanakula emiyembe. Wanyarwanda nao husema umwembe, wingi wake imyembe. Ukisikia hivyo unaelewa kwamba neno lilipitishwa na watu waliokuwa wakisema Kiswahili, wakiwa na mti akilini au wakiuonyesha kwa kidole.

Lakini embe halikuletwa na Mreno. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Mogadishu, akaandika kwamba wenyeji waliandaa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na tunda aliloliita anba. Akaeleza kuwa lina kokwa, likiiva ni tamu sana, na likiwa bichi ni chachu kama ndimu. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama, na anayekula achari ya embe mbichi leo Mombasa au Tanga anakula mlo uleule. Neno ni la magharibi na kaskazini mwa India, amba au am, linalotokana na Kisanskriti amra. Wareno walishuka pwani ya Malabar, kusini, ambako Wamalayali husema manga, na hilo ndilo walilolisambaza Ulaya. Hivyo Mwingereza na Mswahili wanalitaja tunda moja la nchi moja kwa majina ya bandari mbili tofauti, na letu ndilo lililotangulia kufika kwetu.

Fenesi nalo lilikuja moja kwa moja: ni phanas la Kimarathi na Kigujarati. Alipofika Mombasa, Ibn Battuta alitaja pia tunda aitalo jammun, linalofanana na zeituni, lenye kokwa, tamu sana, ambalo wengi hulitambua kuwa zambarau. Kihindi bado husema jamun. Neno letu la sasa, hata hivyo, kwa umbo liko karibu zaidi na jambolão la Wareno wa Goa, nao walilitoa kwa Wahindi walewale. Kuhusu bibo, lile tunda laini linaloning'inia juu ya korosho, Kimarathi kina neno bibba kwa mti wa ukoo mmoja na mkorosho, wenye mbegu nyeusi ya mafuta makali iliyokaa chini ya nyama laini. Mkorosho ulipofika kutoka Brazil, mtu aliyewahi kuiona bibba angeufananisha nao papo hapo, na mimi sioni sadfa hapo. Pwani ya Kenya mti huo huitwa pia mkanju, na hilo ni caju la Wareno. Milango miwili kwa mti mmoja.

Mpaka hapa nimezungumzia majina yaliyoletwa. Kuna kundi lingine ninalolipenda zaidi, la majina ambayo watu wa pwani waliyaunda wenyewe kwa vitu vigeni. Komamanga ni mfano mzuri. Koma ni tunda la mkoma, ule mnyaa unaoota mwambao kote, uliozipa jina sehemu za Mkomani za Mombasa na Lamu. Manga ni Uarabuni, hasa Oman; Mmanga ni Mwarabu wa huko. Tunda geni la duara lenye ganda gumu likaitwa koma la Manga. Kanuni hiyohiyo ilitoa pilipili manga, na ikatoa kungumanga kwa kulinganisha tunda hilo na kungu, tunda la mkungu. Mwarabu alileta rumman, neno lake lipo na ni zuri, lakini hatukulichukua. Tuliangalia tunda, tukatafuta la kwetu linalokaribiana nalo, tukaongeza mahali lilikotoka. Shelisheli lilipewa jina kwa njia fupi zaidi: ni jina la visiwa vyenyewe.

Wakati mwingine mahali panapotajwa ni pa uongo. Mahindi yana jina la Hindi na asili yake ni Amerika. Kinyume chake ni ukwaju. Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya India, na Ulaya nzima ikafuata, ilhali mkwaju ni mti wa asili ya Afrika ya joto. Sisi hatukuhitaji kuambiwa na mtu mti huo unaitwaje. Jina letu halitaji India wala tende, na fimbo zake zilijulikana kiasi kwamba mkwaju likawa jina la kiboko chenyewe, na leo watangazaji wa mpira hulitumia kwa penalti.

Ukitaka kujua tunda lililokaa na watu muda mrefu, usitazame jina lake moja. Tazama majina mangapi yanalizunguka. Nazi huanza kuwa kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo iwe nazi. Ikikauka hata nyama ikaachana na kifuu ni mbata, ikianza kuota na kujaa kitu cheupe laini ndani ni joya. Nje ina kumbi, ndani ina kifuu; ukiikuna ukaikamua unapata tui na kubaki na chicha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhitaji mwenzake ili lieleweke. Ndizi vilevile: mmea wake ni mgomba, jina lisilofanana kabisa na la tunda, lina mkungu na chane, na aina zake zina majina kama kisukari, mzuzu, bokoboko na mkono wa tembo. Waarabu wana mauz, nasi hatukuligusa. Linganisha na nanasi, ambalo baada ya karne kadhaa bado lina mnanasi na nanasi, basi.

Hata hivyo hiyo jozi ya mti na tunda si kitu kidogo. Kila tunda lililoshuka pwani lilipewa mti papo hapo: pera likapata mpera, papai likapata mpapai, fenesi likapata mfenesi, na baadaye mitaa ikaitwa Mfenesini. Sarufi ndiyo iliyofanya kazi ya kupokea. Katika ndimu imeacha alama inayoonekana kwa macho. Waajemi husema limu. Kiswahili kina kanuni ya zamani kwamba n ikikutana na l hutoa nd. Ndiyo maana wingi wa ulimi ni ndimi. Limu liliingia katika ngeli ya n-, likatoka ndimu, na mti ukawa mdimu, bila l ya Kiajemi kurudi tena. Limau, lililokuja baadaye na limão la Wareno, halikupitia kanuni hiyo, na mti wake ni mlimau. Maneno mawili ya shina moja yamelala kapu moja sokoni, na sarufi inatuonyesha lipi lilianza kuingia.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na juhudi za kuchagua jina moja rasmi kwa kila tunda na kuyasukuma mengine pembezoni. Tanzania husema parachichi, Kenya avokado, Zanzibar embe mafuta, Rwanda na Burundi avoka. Avokado na avoka yametoka kwa Waazteki wa Meksiko, waliosema ahuacatl, moja likipitia Kiingereza na jingine Kifaransa. Embe mafuta lilitungwa na watu waliokuwa na embe tayari na wakaona nyama yenye mafuta. Kila jina limebeba historia ya walioliweka. Kamusi inayoandika parachichi peke yake imerahisisha kazi ya mtunzi wake na imemnyima msomaji nchi tatu. Vivyo hivyo marakuja la mashariki mwa Kongo, ambalo ni neno la Kitupi lililopitia Kireno na Kifaransa, halina kasoro yoyote mbele ya pasheni la Nairobi, neno lililotokana na mateso ya Kristo ambayo wamisionari waliyaona katika umbo la ua lake.

Linalonitia hofu zaidi ni majina ya aina. Embe dodo, boribo, ngowe, sindano, viringe: haya yalitungwa na wakulima na wauzaji waliojua tofauti za nyuzi, ukubwa, msimu na ladha. Wanunuzi wa leo wanataka Kent na Tommy Atkins, aina zilizotengenezwa Florida, na mashamba yanapopandwa hizo majina ya kale hubaki kwa wazee. Kazi ya kuyaandika haihitaji maabara. Inahitaji mtu mwenye daftari aende Muheza, Mkuranga, Pemba, Kilifi na Lamu wakati wa msimu, aandike jina, sura ya tunda na mahali linapotumika. Na akifika kaskazini mwa mwambao akasikia watu wakisema izu kwa ndizi moja na mazu kwa nyingi, aliandike izu kuwa kidahizo kamili, yaani neno linalojitegemea kamusini, chenye mstari wake, bila kulitupa ndani ya mabano ya "lahaja".